Safari ya Élodie

Mbele ya kipande cha kioo kilichotundikwa jikoni, msichana alitaja tarehe ya kuzaliwa mara tatu, kwa Kifaransa. Mara ya pili alikosea mwezi.

"Tena," alisema mama yake, Mama Ernestine, bila kuinua macho kutoka kwenye pasi ya makaa.

Ndivyo Padri Fortunat alivyowaagiza vijana wote sita wa safari: wajizoeze maswali ya mpakani, maana afisa mwenye sare humsahaulisha mtu hata jina la baba yake. Jumatatu wangevuka kwenda Gisenyi, kisha Kigali, kisha kupanda ndege hadi Ubelgiji. Julai na Agosti wangejitolea katika nyumba ya wazee inayoendeshwa na masista. Wangewaogesha, wangewalisha, wangewasukuma kwenye viti vya magurudumu. Mtaani watu walicheka mpaka basi. Miaka yote misaada inatoka Ulaya kuja Goma, leo Goma inawapelekea Wazungu msaada!

Msichana hakucheka. Tangu Mei hakusikia kitu moyoni, si uchungu, si furaha. Alikula alichowekewa, akalala alipoambiwa alale.

Mwezi huo yeye na dada yake waliyefuatana kuzaliwa walitoka kwao Butembo kuelekea Goma, na karibu na Kiwanja pikipiki waliyopanda iliingia chini ya lori. Yeye alitoka na kovu kidevuni. Dada yake hakutoka. Mama Ernestine alifika kesho yake, wakamzika huko huko, kati ya watu wasiowajua. Katekista aliomba picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza, kama kila mtu anavyofanya siku hizi.

"Picha hapana," mama alisema.

Watu walidhani uchungu umempita kimo. Fundi akaandika Joyeuse kwenye msalaba, bila picha, na mama na mtoto wakashuka moja kwa moja hadi Goma. Butembo hawakurudi hata kuchukua masufuria. Mama alikuwa na jambo moja tu kichwani: huyu aliyebaki aondoke katika nchi hii akiwa hai. Mengine yote aliyaacha.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo. Padri aliwachagua wale sita kwa makaratasi tu, na sasa alitaka kuona mikono yao ikifanya kazi. Alimpa msichana kipimo cha presha, akamketisha mbele yake kijana mwenzao, Moïse. Msichana alifunga mkanda juu ya kiwiko, akaufungua, akaufunga tena kinyume. Hewa ikatoka yote.

"Élodie," Padri alisema, akifunua faili lake, "dossier yako inasema ulimaliza masomo ya infirmière, ya uuguzi, kule Butembo."

"Ndiyo, mon Père."

"Na hii ndiyo kazi yako?"

Padri alichukua pasipoti yake kwenye rundo, akaitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha. Msichana aliuokota mkanda wa kipimo, akaanza kuukunja.

"Umekonda sana," Padri alisema mwishowe.

"Ni kilio, mon Père," Moïse alimtetea. "Dada yake hana hata miezi miwili ku kaburi."

Padri alifunga pasipoti. Alikuwa mtu mwema, na wema una haraka ya kuamini. "Basi pole, mwanangu. Kama unajisikia huwezi, uniambie leo. Visa inatoka kwa jina ya mutu. Mutu akibaki, nafasi yake inakufa naye, siwezi kuipatia mwingine."

"Nitaweza," alisema msichana.

Nyumbani mama alimuuliza swali moja tu: kama bado anaenda. Alipoambiwa ndiyo, aliketi juu ya ndoo na kulia kwa sauti, mara ya kwanza tangu Kiwanja. Msichana alimaliza kupiga pasi nguo zilizobaki.

Jumatatu asubuhi, kwenye kivuko cha mpaka cha Grande Barrière, wenzake walikumbatiwa, wakapigwa picha, wakapewa karanga za njiani. Padri alikuwa ameshaanza kuwaita mmoja mmoja kwenye foleni. Mama Ernestine alimvuta mtoto wake kando, akaanza kumnyoosha kola iliyokuwa imenyooka.

"Mama," msichana alisema, "mbele ya kuenda, uniite jina yangu. Mara moja tu."

Mama aliangalia kama Padri yuko mbali. Kisha akamshika uso kwa mikono miwili.

"Uende na Mungu, Joyeuse yangu," alinong'ona. "Na kule, mutu akiita hii jina, usigeuke."