Mama Aliyesahihishwa

Siku hizi mtoto akiandika insha, miwani yake ya kidijitali huipeleka papo hapo kwa darasa zima, na wenzake huirekebisha kabla mwalimu hajaiona. Wala sipingi. Mjukuu wangu Mwanahawa alikuwa akiandika vurugu tupu. Sasa anaandika kitu unatamani kisiishe.

Insha yake kuhusu mama yake, binti yangu marehemu Siwema, wenzake wameirekebisha mwaka mzima. Jana kanisomea. Mama mpole, mwenye sauti ya chini.

"Siwema huyu? Aliyekuwa akicheka mpaka jirani anagonga ukuta?"

"Wenzangu walisema kicheko kinaharibu huzuni, Bibi. Tukakitoa."

"Lakini wewe si unakikumbuka?"

"Namkumbuka kama alivyo kwenye insha."

Nikaona nimtegee kitendawili, jibu lake mama yake mwenyewe.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Akikaanga chapati huimba, akiimba huziunguza, na zilizoungua anakula yeye."

Mwanahawa akafikiri, akakuna kichwa, akacheka vizuri tu.

"Nimeshindwa, Bibi. Nakupa mji. Chukua Tanga."

Nikaichukua Tanga yote. Naye akanikodolea macho, anangoja nimwambie jibu.