Pima za Makame

Zuwena alifungua fundo lake la kwanza kabla baba yake hajamwambia. Alikuwa ameivuta kamba mpya ya kupimia kina cha maji kwa mikono miwili iliyotandazwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, akaona mwenyewe kwamba pima yake ni fupi.

“Kwa mikono hiyo utaita tano mahali penye nne na kitu,” Makame alisema kutoka kitandani. “Meli itapanda mwamba, na rubani ni wewe.”

Maji yote ya bandari ile yalijulikana kwa mikono ya Makame. Mwamba wa mlangoni pima tatu, fungu la mchanga pima mbili. Kamba yake ya zamani ilizama siku alipoanguka mashuani, na tangu siku hiyo mkono wake wa kushoto haukuinuka tena. Kesho meli ingemsubiri Zuwena.

Akapanda kitandani, akamkalisha baba yake, akaunyoosha ule mkono taratibu, kama mtu anayekunjua nguo iliyokaukiwa na chumvi. Akavibana vidole vyake juu ya kamba. Mkono wa kulia Makame aliunyoosha mwenyewe.

“Moja,” alisema, na Zuwena akakaza fundo kwa meno.

Hakuna mahali bandarini palipozidi pima nane. Walipoifunga ya nane, Zuwena hakuushusha ule mkono. Kichwa chake kilikuwa karibu kabisa na kifua cha baba.

“Tisa,” Makame alisema, akavuta kamba.