Sufuri ya Mama

"Kompyuta inasema mama hana mzio wa dawa yoyote," muuguzi alisema, akiigonga sindano kwa ukucha. Mama alilala hoi, hata kusema hawezi.

Binti yake, kando ya kitanda, alitabasamu. Programu ya kompyuta hiyo aliiandika yeye kwa lugha ya Java, na juzi tu aliipunguzia uzito: makasha yake ya kuhifadhia taarifa, yale mapana yanayomeza kila kitu, aliyatoa, akaweka membamba ya namba peke yake. Mashine zikakimbia kama zimefukuzwa.

Mara tabasamu likamkauka usoni. Kasha la zamani, likikosa taarifa za mgonjwa, lilipiga kelele. Hili jipya halijui kukosa; lisipojazwa kitu, hujibu sufuri. Na sufuri, kwa mkono wake mwenyewe, aliiandikia maana: hana mzio.

"Dada, taarifa za mama mmeshaziingiza?"

"Bado, mdogo wangu. Tutaziingiza tukimaliza."

Kidole gumba cha muuguzi kilikuwa kimeshaanza kusukuma dawa.