Pindo la Shati

"Baba, nyamaza, utamfukuza!"

"Wewe ndiye unayepumua kama trekta."

Kulungu dume, pembe zake kama matawi, akatoka kwenye mahindi yao, hatua thelathini tu. Mzee akamnyang'anya Lorna bunduki, akafyatua. Kulungu akainua mkia mweupe, akatokomea.

Kwao, anayekosa shabaha hukatwa pindo la shati, likapigiliwa misumari ukutani ghalani. Miaka yote mkasi wa kukatia alikuwa nao mzee. Lake halijawahi kukatwa.

Sasa akautoa mkasi mfukoni. "Macho, mwanangu. Nimeona ukungu tu."

Kaka zake Lorna, waliousikia mlio tu, walikuwa wakija mbio.

Lorna akasonya. "Baba nawe, mbishi kama nini!"

Akalichomoa shati lake kwenye suruali, akampa mgongo. "Haya, kata upesi."