Simu Mpya ya Mzee Hashiru

"Ifute tena," alisema Mzee Hashiru, akaiweka simu juu ya kaunta.

Shamsia akashusha pumzi. Simu ile sasa alikuwa anaijua kuliko ya kwake mwenyewe. Mzee alipoinunua alitaka vitu vyote vya simu ya zamani virudishwe: namba, picha, sauti, hata kengele ya kumkumbusha dawa ya ng'ombe aliyekwisha kuuzwa. Shamsia akavirudisha. Haukupita muda mzee akarudi, safari hii akitaka simu ianze upya, tupu kama ilivyotoka kwenye boksi. Akaifuta. Mzee akajuta, vya zamani vikarudishwa. Leo tena ifutwe!

"Mzee wangu, kwani Kisarawe nzima hakuna fundi wa simu?"

"Wapo, mwanangu. Ila hawana mkono kama wako."

Mtu hatoki Kisarawe, akabadilisha magari mpaka hapa dukani Kwa Mathias, kanzu imepigwa pasi na udi unanukia, eti kisa simu. Tena kila akija ni saa ya chakula cha mchana. Anakaa kwenye benchi la wateja na kuanza maswali. Mnaishi wapi? Wajomba zenu bado wako Ruvu? Marehemu baba yenu alifariki lini? Mungu amrehemu. Maswali hayo hata mtoto anajua yanaelekea wapi.

Kilichomuuma zaidi ni mama yake. Zamani Bi Mwanamkuu alikuwa akimpa bodaboda amletee binti yake chakula dukani. Siku hizi analeta mwenyewe, na kipande kinono cha samaki anamwekea mgeni.

"Mpe mzee maji anawe," alikuwa akisema. "Mtu mzima huyu, ana mikorosho yake Maneromango, wala hana makuu."

Hana makuu! Shamsia alikuwa na Faraji wake, mchomelea mageti, kijana anayejikusanya taratibu apeleke posa. Wajomba walikuwa hawajalisikia hata jina lake. Wakitangulia kusikia habari za mikorosho, Faraji kwisha habari yake. Na mama mzazi ndiye huyo anayempigia debe mzee! Leo pia mama alikuwapo, amewapakulia wote; Shamsia aliumia, akawa anakula bila kuinua macho.

"Lakini mzee, kwa nini unabadilisha kila siku?" akauliza, kwa ukali kidogo.

Mzee Hashiru akaitazama simu bila kuigusa.

"Ikiwa na vya zamani, kila nikiifungua namkuta marehemu mke wangu. Nafurahi, kisha siku nzima haiendi. Ikiwa tupu, naona kama nimemfukuza nyumbani kwake. Ungekuwa wewe, mwanangu, ungefanyaje?"

Ukali wote ukamwisha Shamsia. Alimhurumia kwa moyo wake wote.

"Picha zake na sauti zake ningeziweka kwenye kadi, pembeni, niwe naziona nikitaka. Simu yenyewe ningeianza upya. Kumkumbuka mtu si lazima ubebe hata kengele ya dawa ya ng'ombe, mzee wangu. Na binadamu hakatazwi kuanza upya."

Bi Mwanamkuu alikuwa akimimina chai. Aliimimina mpaka ikafurika na kumwagika mezani.

"Umesema wewe mwenyewe?" Mzee Hashiru aliuliza, uso umemchanua.

"Nimesema mimi mwenyewe."

"Basi fanya hivyo hivyo."

Akafanya. Mzee akaondoka anatabasamu njia nzima mpaka kituoni, na Shamsia akabaki anajiuma ulimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ijumaa, baada ya swala, hodi ikabishwa nyumbani kwao. Alikuwa Mzee Mwinyimadi, mshenga ambaye Kisarawe nzima inamjua. Ndani alikuwapo mjomba kutoka Ruvu, ambaye Bi Mwanamkuu alimwita tangu asubuhi bila kumwambia binti yake ni kwa ajili gani. Shamsia akaketi karibu na mlango.

Mshenga akazungusha maneno, kama ilivyo ada ya kazi yake, jina la mtu halitajwi mapema. Watu wa Kisarawe wamepita hapa, wameona jambo, limewapendeza, wamekuja kubisha kwa adabu.

"Tumekusikia," mjomba akajibu. "Ila mwenye neno hapa ni Shamsia."

Wote wakamgeukia. Shamsia akaona asipojitetea leo, ndiyo basi tena.

"Shikamoo, mzee. Mwambie Mzee Hashiru namheshimu sana, lakini simtaki. Mimi nina mtu wangu. Anaitwa Faraji, anachomelea mageti, na nitaolewa na yeye tu."

Mjomba akakohoa. Bi Mwanamkuu akajifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika, na Shamsia akajua amemliza mama yake.

Mzee Mwinyimadi akavua kofia, akajifutia machozi ya kicheko.

"Marahaba, mwanangu. Huyo Faraji naye aje, atapokewa. Sisi tumetumwa kwa mama yako, naye kagoma kutujibu mpaka wewe uridhie. Mzee Hashiru anauliza: yale maneno ya kuanza upya, uliyasema kwa ajili ya simu tu?"