Kibuyu cha Mwisho Bulla Pesa

"Serikali imezidi!" tulipiga kelele sokoni Bulla Pesa, mimi nikiwa mbele ya wote. Kipindupindu cha mwaka huo wa sabini na moja kilikuwa kimeua watu kando ya mto, sawa, lakini ndiyo bwana afya amwage maziwa yote ya ngamia?

Mtaro ulikuwa mweupe tayari. Kilibaki kibuyu kimoja tu, cha mchuuzi Fosia, kile anachokifukiza moshi kila alfajiri, na mimi ndiye mteja wake wa kwanza.

"Nyinyi mnaongeza maji ya mto," bwana afya alisema. "Ugonjwa uko humo."

"Yangu hayajaonja maji!" Fosia alifoka.

"Basi kunywa, mama. Ukinywa, wote wauze."

Soko likalipuka. "Kunywa! Kunywa!" Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Tumeshinda!

Fosia alisema bismillahi, akainua kibuyu. Kikagusa midomo yake, kikatulia hapo. Macho yake yakanitafuta katikati ya watu.

Kisha akakigeuza. Maziwa yakamwagika mchangani.

Kwenye masharubu yangu, povu la kikombe alichonimiminia asubuhi lilikuwa halijakauka.