Sauti Iliyomo Ndani

"Shoga, hiyo kompyuta yako inasaga mahindi?" jirani alimuuliza Bi Mwanajuma siku moja. Leo ilikwaruza zaidi, na kioo kilikuwa giza.

"Mama, umeifunika kwa kitambaa kilichodariziwa kama redio! Inakosa hewa," binti yake Zulfa akacheka. Akakiondoa kitambaa, akaongeza mwanga wa kioo, akaiweka isijizime yenyewe.

"Haraka, kabla diski haijafa! Sauti ya baba yako, aliyojirekodi kabla hajafa, imo humo."

Zulfa akanuna. Baba hakuja harusini kwake, akafa bila kumpa radhi.

"Bonyeza, mwanangu. Bismillahi!"

Diski ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kisha sauti nzito ikajaa sebuleni: "Zulfa, radhi nimekupa. Nimeshindwa tu kuja kukwambia."

"Allahu Akbar!" mama akaruka.

Zulfa akajitanda ushungi hadi machoni kuficha machozi, akatoka.